Mityana, kwa mfinyanzi Noa na mzee Mulumba

Barabara ya lami inayotoka Kampala kwenda Fort Portal hupanda na kushuka vilima, ikakatiza mabonde ya mafunjo, na baada ya kilomita 70 hivi humfikisha msafiri Mityana. Ni mji kama miji mingine ya Buganda: maduka pande zote mbili za barabara, bodaboda zinazosubiri abiria, mikungu ya matoke iliyopangwa chini ikingoja lori, na nje kidogo ya mji mashamba ya chai. Wengi hupita tu. Wanaokwenda Fort Portal wana haraka, na wanaohiji kwa Mashahidi wa Uganda huishia Namugongo, ng'ambo ya pili ya Kampala, kwenye basilika kubwa na uwanja unaofurika watu kila tarehe 3 Juni.

Hata hivyo, mzazi anayetaka kuwasimulia watoto habari za mashahidi hao angefanya vizuri kuanzia huku magharibi. Simulizi iliyozoeleka ni ya vijana wa ikulu: Karoli Lwanga na wenzake, na Kizito aliyekuwa na umri wa miaka kama 14. Ni simulizi ya vijana waliokuwa mbali na nyumbani kwao, wakiishi katika baraza la mfalme. Ya Mityana ni ya watu wazima waliokuwa na nyumba, mashamba, majirani na watu wa kulisha. Mmoja alikuwa mzee mwenye mke na watoto. Mwingine alikuwa mfinyanzi aliyeacha mama na dada. Walipouawa, waliobaki nyuma walikuwa familia nzima nzima.

Eneo hili leo ni Jimbo Katoliki la Kiyinda-Mityana. Kiyinda ni jina la mahali penye makao ya askofu, na jimbo lenyewe linaenea Mityana, Mubende, Kassanda, Kiboga na Kyankwanzi, yaani sehemu kubwa ya nchi ya kale ya Ssingo. Katika Ufalme wa Buganda, Ssingo ilitawaliwa na chifu mwenye cheo cha Mukwenda. Cheo hicho kitajwe mapema kwa sababu watatu tutakaowaona, Matia Mulumba, Luka Banabakintu na Noa Mawaggali, wote walikuwa watu wa Mukwenda. Hao ndio jimbo linawashikilia kama watakatifu wake.

Kabla ya kufika kwao, mahali penyewe pana hadithi ya zamani zaidi ambayo watoto wa Kiganda huisikia mapema. Ukiendelea na barabara ya Mubende utafika Ttanda, penye mashimo marefu ardhini ambayo watu husema yalichimbwa na Kifo chenyewe. Jina lake ni Walumbe, shemeji wa Kintu, mtu wa kwanza wa Buganda. Walumbe alipozidi kuwaua watoto wa Kintu na mkewe Nambi, ndugu yake Kayikuuzi alitumwa kutoka juu kuja kumkamata. Kayikuuzi akaagiza watu wote wakae ndani, na hata wakimwona Walumbe wasipige kelele. Walumbe alichimba chini, akaibuka hapa, akazama, akaibuka pale, ndugu yake nyuma yake. Alipotokeza mara ya mwisho kulikuwa na watoto nje. Walipiga kelele, Walumbe akazama tena, na Kayikuuzi akachoka akarudi zake. Ndiyo maana kifo kingali nasi.

Wapo wanaokwenda Ttanda kuomba, wapo wanaokwenda kutazama tu. Mbele zaidi, juu ya kilima cha Mubende, kuna mti mkubwa wa Nakayima ambao mizizi yake imejitokeza juu ya udongo kama kuta za vyumba, na watu huacha humo sarafu na buni. Ziwa Wamala, lililo karibu na Mityana, linabeba jina la mfalme wa Wachwezi. Kwa hiyo nchi ya Ssingo ilikuwa na mahali pa kuomba kabla msalaba haujafika, na msafiri anayeandamana na watoto asiwapitishe haraka katika sehemu hizo kana kwamba historia ilianza na wamisionari.

Wamisionari wenyewe walikuja kwa njia ambayo msomaji wa Kiswahili anaifahamu vizuri. Kikosi cha kwanza cha Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe kwa ajili ya kanzu zao, kiliondoka Ufaransa mwaka 1878, kikatua Zanzibar, kikavuka Bagamoyo, kikafuata njia ya misafara hadi Tabora, kisha pwani ya kusini ya Ziwa Viktoria. Kutoka hapo Padre Siméon Lourdel na Bruda Amans walitangulia kwa mtumbwi wakafika Kigungu, karibu na Entebbe, tarehe 17 Februari 1879. Baganda walimwita Lourdel kwa jina la Mapeera, namna yao ya kutamka neno la Kifaransa la padre.

Katika ikulu ya Kabaka Mutesa, Kiswahili kilikuwa kinasikika tayari. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa wameleta nguo, bunduki na Uislamu, na vijana wa ikulu walijifunza kusoma kutoka kwao. Ndiyo maana hadi leo Kiganda husema eddini na ekitabo. Mapadre nao walianza kufundisha kwa Kiswahili kabla hawajaimudu lugha ya wenyeji. Aliyejiunga na mafundisho ya dini yoyote aliitwa msomaji, na kusoma na kusali vilikuwa karibu kitu kimoja.

Mzee wa Mityana alikuwa amezunguka katika kusoma huko. Matia Mulumba hakuzaliwa Buganda. Alizaliwa Busoga, mashariki ya Mto Nile, na alitekwa angali mtoto pamoja na mama yake katika uvamizi wa Baganda. Aliuzwa, lakini nyumba iliyomnunua ilimlea kama mtoto wake. Baadaye yeye mwenyewe aliwasimulia mapadre habari za baba huyo mlezi. Kwamba alikuwa mtu aliyeamini Baganda hawajaipata kweli, akaitafuta maisha yake yote asiione, na kabla ya kufa akawaambia wanawe kwamba siku moja watu watakuja kuifundisha, na wakija wasikilizwe.

Maneno hayo yalimkaa Matia. Walipokuja Waislamu alidhani ndio hao, akafuata. Alipokuja mmisionari Mprotestanti Alexander Mackay akahamia kwake. Mwisho alikwenda kwa mapadre, akijongea kwa tahadhari kwa sababu alikuwa amesikia habari mbaya juu yao. Anayemsoma leo anaweza kumwona mtu wa kigeugeu. Ukimsoma pamoja na usia wa yule baba mlezi unamwona mtoto aliyepewa kazi na mzee wake akaikamilisha akiwa mtu mzima.

Mulumba lilikuwa jina la cheo chake chini ya Mukwenda, likamganda. Alikuwa mtu wa hadhi, mwenye wake kadhaa na watumishi. Alipoamua kubatizwa alibaki na mke mmoja, Kikwambi. Simulizi za kanisa humsifu kwa hilo, na msomaji wa leo atawafikiria pia wale walioondoka, kwa kuwa kuachwa na mume mwenye cheo hakukuwa jambo jepesi katika Buganda ya siku hizo. Lililowashangaza watu zaidi ni kwamba aliacha fahari. Mtu wa cheo alikuwa na wa kumbebea mzigo na wa kumfanyia kazi, lakini Matia alianza kubeba mzigo wake mwenyewe barabarani na kufanya kazi kwa mikono yake, akiwaona majirani wakicheka.

Alibatizwa tarehe 28 Mei 1882. Siku hiyo hiyo alibatizwa Luka Banabakintu, mtu wa ukoo wa Mmamba aliyetoka Gomba. Mmamba ni samaki yule mrefu mwenye mapafu ambaye pwani ya Ziwa Viktoria huitwa kamongo, na watu wa ukoo huo hawamli. Ziwa Wamala, lililo jirani, lina kamongo, na wavuvi wake mpaka leo huwavua, kwa hiyo mzazi anayepita na watoto sokoni hatakosa mahali pa kuwaeleza habari za miiko ya koo.

Kisha mapadre wakaondoka. Ilikuwa Novemba 1882, miezi sita tu baada ya ubatizo wa Matia na Luka. Hali ya ikulu ilikuwa imewawia ngumu, wakavuka ziwa kurudi kusini na kukaa Bukumbi, si mbali na Mwanza ya leo. Walikaa huko karibu miaka mitatu, hadi Julai 1885, wakati Mutesa alipokuwa amekwisha kufariki na mwanawe Mwanga, kijana asiyefikisha miaka 20, ameketi kitini.

Kipindi hicho ndicho kinachoipa Mityana uzito wake. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika la mapadre hao, alikuwa ameagiza mtu asibatizwe kabla ya kufundishwa kwa miaka minne. Aliogopa imani itakayokauka mara tu padre akigeuza mgongo. Hapa padre alikuwa amegeuza mgongo kwa miaka mitatu, na waliobaki kuwafundisha wengine walikuwa watu wenye ubatizo wa miezi michache. Katika mji mkuu kazi ilishikwa na Yosefu Mukasa Balikuddembe ndani ya ikulu na Andrea Kaggwa nje yake. Huku Ssingo ilishikwa na Matia na Luka.

Waliifanya kama wenye nyumba. Hapakuwa na shule wala kanisa la matofali, watu walikusanyika kwa mzee Mulumba na wakasali humo. Mapadre waliporudi wakakuta kundi kubwa la watu wanaojua sala na mafundisho, wake kwa waume, vijana kwa wazee. Baada ya hapo walikuwa wakienda Misa Nabulagala, karibu na Kasubi ya leo mjini Kampala. Kwa miguu, kupitia mabonde yale yale ya mafunjo ambayo basi leo hulipita kwa dakika. Wasingeweza kwenda wote, kwa hiyo walipokezana. Waliokwenda walisikiliza kwa ajili ya waliobaki, na waliporudi waliyarudia yote nyumbani.

Miongoni mwa waliofundishwa namna hiyo alikuwa Noa Mawaggali. Noa alikuwa wa ukoo wa Ngabi, na kazi yake ilikuwa kufinyanga vyungu kwa ajili ya nyumba ya Mukwenda. Mfinyanzi wa chifu alikuwa mtu muhimu lakini si mkubwa. Kila nyumba ilihitaji chungu cha maji, cha kupikia, cha pombe, na mikono yake ilikuwa na udongo siku nzima. Aliishi na mama yake na dada yake Munaku, msichana wa miaka kama 18. Aliposhika mafundisho akawa mwalimu wa wenzake. Alibatizwa tarehe 1 Novemba 1885, Sikukuu ya Watakatifu Wote.

Wiki mbili baadaye, tarehe 15 Novemba, Yosefu Mukasa Balikuddembe aliuawa. Alikuwa amemlaumu Mwanga kwa kuuawa kwa Askofu Hannington wa Anglikana huko Busoga mwishoni mwa Oktoba, na alikuwa akiwaficha vijana wa ikulu dhidi ya matakwa ya mfalme ambayo vijana hao waliyakataa. Wanahistoria huongeza sababu nyingine ambazo ni haki zitajwe. Mwaka huo wa 1885 Wajerumani walikuwa wamejitangazia nchi nyuma ya pwani ya Tanganyika, habari zikafika ikulu, na mfalme kijana akawaona wasomaji wote kama watu wanaowatii wageni kuliko yeye. Hofu hiyo haikuwa ya bure kabisa. Waliolipia walikuwa raia wake mwenyewe.

Ilipofika Mei 1886 Mwanga alikuwa akikaa Munyonyo, ufukweni mwa ziwa, baada ya ikulu yake ya Mengo kuungua Februari. Tarehe 25 alirudi kutoka kuwinda viboko, akawakosa vijana wake waliokuwa wamekwenda kufundishwa dini, na hasira ikawaka. Usiku huo Karoli Lwanga aliwabatiza wanne wa wenzake, Kizito akiwamo. Asubuhi iliyofuata hukumu ikatolewa.

Matia na Luka walikuwa mjini siku hizo kwa kazi za Mukwenda. Wangeweza kukimbia, maana Ssingo ni nchi kubwa na wao waliijua. Walijitoa wenyewe wakakamatwa. Matia alipopelekwa mbele ya Katikkiro, waziri mkuu wa ufalme, inasimuliwa kwamba alidhihakiwa kwa yale yale ambayo majirani wa Mityana walikuwa wakiyacheka: kwamba mtu mzima wa umri wake amefuata dini ya wageni, akaondoa wake zake, akajipikia chakula.

Aliuawa peke yake. Walipokuwa wakiwaongoza wafungwa kuelekea Namugongo, Matia alisimama kwenye kilima ambacho sasa huitwa Old Kampala, akawaambia hakuna sababu ya kwenda mbali kama ni kufa. Adhabu aliyopewa ilikuwa ya kikatili kuliko karibu zote, na si lazima watoto waelezwe kila kipande chake. Yatosha kusema kwamba alikatwa viungo na kuachwa hapo porini tangu tarehe 27 hadi tarehe 30 Mei, na kwamba watu waliopita kukata matete walimsikia akiomba maji, wakaogopa wakakimbia. Alikuwa na umri wa miaka kama 50. Luka aliendelea hadi Namugongo, akafungwa huko kwa wiki moja, na tarehe 3 Juni akachomwa moto pamoja na kundi la vijana.

Wakati Matia anakata roho, watu wa mfalme walikuwa njiani kwenda Mityana. Kiongozi wao aliitwa Mbugano. Amri yao ilikuwa kupora nyumba za wasomaji na kuwakamata, na walifika tarehe 31 Mei. Wanawake wengi waliwachukua watoto wakakimbilia kujificha. Noa alitoka mwenyewe kuwakabili. Alichomwa mkuki, akafungwa mtini, na mbwa wakaachiliwa juu yake. Alikufa siku hiyo karibu na nyumbani kwake, na vyungu alivyovifinyanga viliendelea kupika chakula cha nyumba ya chifu.

Habari haikuishia kwa Noa. Munaku alikuwa amefichwa salama. Alipojua kwamba kaka yake ameuawa, alitoka mafichoni akawafuata wauaji, akawaambia kwamba naye ni wa dini ile ile. Mbugano hakumuua. Alimchukua mateka, akitaka kumfanya wake. Munaku alikataa, akapigwa, akatiwa miguu kwenye mti wa kufungia watumwa, akazidi kukataa. Mwishowe Mbugano alikubali kumwachia kwa Padre Lourdel kwa malipo ya bunduki na risasi. Alibatizwa Agosti mwaka huo huo, akaitwa Maria Matilda.

Orodha ya mashahidi Wakatoliki ina majina 22, yote ya wanaume. Munaku hayumo, kwa kuwa hakufa. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, akitumikia misheni bila kuolewa, hadi uzeeni katika miaka ya 1930. Akiwa bado hai, mwaka 1920, Papa Benedikto wa 15 aliwatangaza mashahidi hao kuwa wenyeheri. Yaani kuna mwanamke aliyesikia kanisa duniani kote likilitaja jina la kaka yake, mfinyanzi, naye anamkumbuka akiwa na udongo mikononi. Kama Mityana ina simulizi moja inayostahili kusimuliwa mezani jioni kabla ya nyingine zote, ni hiyo.

Mashahidi walitangazwa watakatifu na Papa Paulo wa 6 tarehe 18 Oktoba 1964. Tangu hapo majina yao yamesambaa Afrika Mashariki yote. Kila darasa la Kenya au Tanzania lina uwezekano wa kuwa na Kizito au Lwanga ambaye wazazi wake hawana hata ndugu mmoja Uganda. Noa wa Mityana huombewa na mafundi na wafinyanzi, Kizito na watoto, Lwanga na vijana. Kwa bahati mbaya kalenda nyingi huwafunga wote katika siku moja, Karoli Lwanga na wenzake, na neno hilo "wenzake" humficha mzee wa miaka 50 nyuma ya kijana wa miaka 25.

Si Wakatoliki peke yao waliokufa. Waanglikana wanahesabu mashahidi 23 wa miaka hiyo hiyo, na baadhi yao walichomwa kwenye moto mmoja na Wakatoliki. Miaka kumi nyuma, mwaka 1876, Waislamu waliokuwa wakisoma ikulu waliuawa pia kwa amri ya Mutesa. Familia yenye ndugu wa dini tofauti, na ni nyingi, itakuta mahali pa kila mmoja katika historia hii.

Jimbo la Kiyinda-Mityana lenyewe ni changa. Eneo hilo lilikuwa sehemu ya Jimbo Kuu la Kampala hadi tarehe 17 Julai 1981, Papa Yohane Paulo wa 2 alipolimega na kumteua Emmanuel Wamala kuwa askofu wake wa kwanza. Muda haukuwa mzuri. Miezi mitano kabla, tarehe 6 Februari, kambi ya jeshi ya Kabamba iliyoko Mubende, ndani ya mipaka ya jimbo jipya, ilikuwa imeshambuliwa na wapiganaji wa Yoweri Museveni. Ndivyo vilivyoanza vita vya msituni, na kwa miaka mitano sehemu za Mubende, Kiboga na Luwero ndizo zilizokuwa uwanja wake. Vijiji vilichomwa, watu wakahama na watoto mgongoni, wengi hawakurudi.

Askofu aliyepewa jimbo hilo hakuwa na starehe ya kujenga ofisi. Alianza na waumini waliotawanyika, na parokia nyingine zikiwa kwenye njia za askari wa pande zote mbili. Vita viliisha Januari 1986, na Juni mwaka huo huo ikawa miaka mia moja tangu kifo cha mashahidi. Kwa watu wa Ssingo, ibada ya kumbukumbu ya waliokufa zamani ilikuja wakati makaburi mapya yalikuwa bado hayajaota majani. Wamala alihamishiwa Kampala mwaka 1988 na akafanywa kardinali mwaka 1994. Aliyemfuata ni Askofu Joseph Mukwaya, na baadaye Askofu Joseph Anthony Zziwa.

Kwa familia inayotaka kwenda, safari si ngumu. Wanaotoka Tanzania kwa Mutukula hupitia Masaka hadi Kampala, wanaotoka Kenya huingia Busia au Malaba na kupita Busoga, nchi aliyozaliwa Matia. Kampala yenyewe ina vituo viwili vya simulizi hii kabla ya kutoka mjini: kanisa la Matia Mulumba pale Old Kampala, mahali alipoachwa, na Munyonyo kando ya ziwa, ilipotolewa hukumu. Baada ya hapo ni matatu au basi la Mityana. Mwenye watoto wadogo achague siku ya kawaida, maana mwishoni mwa Mei barabara hujaa.

Hujaa kwa sababu ya tarehe. Matia ni tarehe 30 Mei, Noa ni tarehe 31, Luka ni tarehe 3 Juni. Mahujaji wa pande za Mubende na Kiboga huanza kutembea siku kadhaa kabla, wazee na fimbo, akina mama na mitandio ya kujifunika usiku, vijana na matawi mkononi na maji ya chupa. Hupita Mityana, wakapumzika, wakaendelea mashariki kuelekea Kampala, upande ule ule ambao watu wa mzee Mulumba waliuelekea wakipokezana kwenda Misa. Kutoka Mityana hadi Namugongo bado wana zaidi ya kilomita 80.